Bwana Asante

3 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu utazikuta mwishoni, kwanza nina ugomvi na wewe. Umekuja kunitembelea, umekula, umelala, halafu umeniachia simu kubwa kama ubao wa kukatia vitunguu ukaondoka kabla sijasema ndiyo wala hapana. Nani alikuambia bibi yako hana mtu wa kuongea naye? Nina jirani. Nina cherehani. Nina kioo.

Pale mezani ulinionyesha jinsi ya kuongea na huyo mtu wa ndani ya simu, nikavumilia kwa ajili yako, maana ulikuwa na furaha kama mtoto aliyevalishwa viatu vipya. Nikamwambia goti linaniuma. Akasema, "Asante kwa kunishirikisha." Nikamwambia sijamshirikisha, nimelalamika. Akasema, "Asante kwa kuwa mkweli." Mtu gani huyo? Ukimkanyaga atakushukuru? Nikampa jina palepale, Bwana Asante, nawe ukacheka mpaka ukajishika mbavu. Basi ujue Bwana Asante amelala kabatini. Nimemviringisha kwenye taulo la kijani na hapo ndipo atakapozeekea.

Wala usiniambie nikupigie. Nikikupigia unaitikia "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi" huku unatafuta funguo zako. Barua huwezi kuisoma huku unatafuta funguo. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya wote, na mpaka leo unasomeka kuliko wako wa chuo kikuu.

Habari za hapa: jirani yangu Mama Redio kapata redio mpya, na hii inapiga kelele kuliko ile ya kwanza. Ukuta wangu unatetemeka. Shangazi yako alikuja Jumapili, akazunguka nyumba yangu kama mtu anayetaka kuipanga. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama. Anataka nihamie kwake, kwenye kile chumba cha nyuma chenye mashine ya kufulia. Anasema cherehani yangu haitaenea. Nikamwambia kama cherehani haienei na mimi sienei.

Kazi yako je? Bado watu wanakuja kukulilia na wewe unawatazama tu? Niandikie. Na salamu ndiyo hizi.

Bibi yako, mwenye akili zake zote.


16 Februari

Bibi, shikamoo.

Ugomvi nimeupokea. Barua nimeisoma nimekaa, funguo ziko mezani mbele yangu, naziona.

Umeniuliza kazi. Huyo uliyempa jina ndiye mgeni wetu mkubwa siku hizi. Kliniki imeamua kila anayekuja kwetu kwa matatizo ya akili na mawazo awekewe programu ile kwenye simu yake, aongee nayo siku ambazo hana miadi na mimi. Wanaongea saa yoyote wanayotaka. Asubuhi nikifungua kompyuta nakuta muhtasari: fulani kasema hivi, fulani kalia, fulani aangaliwe haraka. Nina mteja mmoja, dereva wa basi. Miezi yote alikuwa akikaa mbele yangu anazungumzia kukosa usingizi tu. Kwamba amechoka kuishi, aliiambia simu kwanza. Nilipousoma muhtasari ule nilimpigia palepale, na leo anaendesha basi lake. Kwa hiyo usiniambie niitupe jalalani, najua ndivyo unavyotaka kuandika.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Nina mteja mwingine, mama mtu mzima, anaishi peke yake. Anaiambia programu mambo ambayo nyumbani kwao kawaficha wote. Anasahau. Anaingia chumbani hajui kafuata nini. Siku moja alibandika sufuria jikoni akatoka nje, na moto ukashika. Bibi, siku ya kwanza kabisa simu huandika maelezo marefu kwamba yatakayosemwa yatasomwa na mshauri, na chini kuna kitufe cha "Nakubali". Kwake yeye kitufe kilibonyezwa. Kwa hiyo kwa upande wa kanuni sina kosa. Lakini nina hakika hajui kwamba mimi nasoma. Anadhani anaongea na kitu.

Nikimwambia, atanyamaza, na siku moto ukishika tena hakuna atakayejua. Nisipomwambia, nitakuwa kama mtu anayetega sikio mlangoni kwake kila siku. Halafu kuna watoto wake. Siri ya mteja hatuitoi, labda maisha yake yawe hatarini. Sasa sufuria moja ni hatari, au ni sufuria tu? Wewe ungefanyaje?

Na jikoni kwako kukoje? Mlango ule bado unakwama?

Mjukuu wako.


27 Februari

Mke mwenzangu,

Umesoma miaka yote ile, halafu unamuuliza swali kama hilo mwanamke wa darasa la tatu? Haya, nitakujibu, na usinikatize.

Mwambie. Nenda ukae mbele yake, umtazame, useme: "Mama, yale unayoyasema kule, mimi nayasikia." Basi. Atakutukana. Mwache akutukane, ni haki yake, wala usianze kumweleza habari za vitufe. Kitufe ni nini? Mimi mtu akinipa karatasi ya mistari mingi natia sahihi ili aondoke mlangoni.

Nilipokuwa nashona nguo za watu, mteja akisimama nimpime nilikuwa na pini mdomoni. Siwezi kujibu. Basi wanawake walikuwa wanasema! Mume kafanya hivi, mkwe kafanya vile, yote juu ya kichwa changu, kama wanaongea na ukuta. Lakini walikuwa wananiona, mke mwenzangu. Walijua kuna mtu pale chini anashika pindo, ana masikio mawili. Aliyetaka kunyamaza alinyamaza. Huyo mama yako wa sufuria humpi nafasi ya kunyamaza.

Na unashangaa kwa nini kawaficha watoto? Mimi simjui, ila nakuambia. Akisema leo, kesho watoto wanakaa kikao sebuleni kwake wanaongea kwa sauti ya chini kama yeye ni maiti. Keshokutwa jiko limefungwa. Wiki ijayo kahamishiwa chumba cha nyuma anasikiliza mashine ikizungusha soksi za wengine. Nyumba yake ina mpangaji. Vitu vyake vimegawanywa naye bado anapumua. Ndiyo maana kanyamaza. Kwa hiyo usimwite msahaulifu hivihivi. Pengine alikuwa na uchovu. Pengine sufuria yenyewe ilikuwa mbovu.

Jikoni kwangu kuko sawa kabisa, na mlango unafunguka ukiusukuma kwa nyonga. Usijifanye polisi wa majiko.

Habari za hapa: Mama Redio kapata redio mpya, na hii inapiga kelele kuliko ile ya kwanza. Ukuta wangu unatetemeka.

Bibi yako, mwenye akili zake zote.


8 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimekusikia, na nimekusikia vizuri.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu. Nikamwambia wateja wetu wengi hawajui tunasoma. Akasema, "Walibonyeza." Nikamwambia kubonyeza si kujua. Akasema wakianza kujua wataanza kuchagua maneno, na programu haitatusaidia tena. Si mtu mbaya, Bibi. Anamkumbuka dereva kila siku kama mimi ninavyomkumbuka. Tulibishana mpaka chai yake ikapoa.

Wiki hii nimeanza kuwaambia kwa mdomo, mmoja mmoja. Dereva nilimwambia wa kwanza. Alikaa akitazama viatu vyake, kisha akasema, "Nilidhani siku ile ulinipigia kwa sababu ulinikumbuka." Kasema atarudi. Binti mmoja, mwanafunzi, alisimama akaondoka, na simu yangu hapokei.

Yule mama bado sijamwambia. Kila siku nasema kesho. Naogopa. Hawa wengine wakiniacha watapata mshauri mwingine. Yeye akininyamazia sijui nitafanya nini. Na usiku nikilala naiona ile sufuria ya mpini wa mbao, mpini wote umekuwa mkaa, naye kaificha nyuma ya ndoo ili asiulizwe.

Niombee ujasiri.

Mjukuu wako.


15 Machi

Mjukuu wangu,

Kabla ya barua yako hii ya mwisho hukuniandikia habari ya mpini, nami sikukuandikia. Uliandika sufuria tu. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena, nimevaa miwani, taratibu.

Mimi nina sufuria ya mpini wa mbao. Nilikuwa nayo. Iko nyuma ya ndoo.

Huyo mama ni nani?

Bibi yako.


19 Machi

Bibi,

Ni wewe.

Nilitaka kuja niseme mbele yako kama ulivyonifundisha, lakini umeniuliza kwa barua, na kukuweka ungoje siku nyingine hata moja ni kukuficha tena. Kwa hiyo naandika.

Ilianza siku ile mezani. Programu ilitaka barua pepe yako, nawe huna. Nikakuingiza kwa namba ya kliniki, kwenye orodha ya wateja wangu, nikajiambia nitarekebisha nikirudi mjini. Ulikuwa unamenya viazi. Yakaja yale maelezo marefu na kitufe cha "Nakubali". Nilikibonyeza mimi, kwa kidole changu, bila kukusomea hata mstari mmoja. Wateja wote wale wengine walau walibonyeza wenyewe.

Nikarudi, nikasahau kurekebisha. Siku chache baadaye nikakuta muhtasari wa mteja mpya: mwanamke mtu mzima, anaishi peke yake, anaiita programu "Bwana Asante". Nilijua palepale. Nilitakiwa kufunga. Nilisoma mpaka chini. Kesho yake nilifungua wa kwako kwanza, kabla ya wa dereva. Nikaendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi, na huku unaniandikia kwamba simu iko kwenye taulo, nami nakuandikia kama nimeamini.

Kazini kwetu ni mwiko kumtibu ndugu. Nilijiambia sikutibu, nakuangalia tu. Halafu nikakutega na habari za "mama mtu mzima" ili nipate ruhusa kutoka kwako mwenyewe bila wewe kujua unaitoa. Ukanipa hukumu badala ya ruhusa, nikaikimbia.

Jana nilimweleza msimamizi kila kitu. Fundi wa kompyuta amekutoa kwenye orodha na kufuta yote. Kulikuwa na muhtasari mmoja wa mwisho ambao sikuufungua. Shangazi sijamwambia neno.

Nakuomba radhi. Na nakuogopea, Bibi, yote mawili kwa pamoja.

Mjukuu wako.


10 Aprili

Bibi, shikamoo.

Hujajibu. Nilimpigia Mama Redio. Kasema, "Bibi yako yuko mzima, na kanikataza kusema zaidi ya hapo," kisha akaongeza redio ili tusiendelee.

Sitakuja mpaka uniite. Begi nimelifunga na kulifungua mara sijui ngapi.

Naandika tu ujue mambo matatu. La kwanza, Shangazi kanipigia akaniuliza waziwazi kama nadhani akili zako ziko sawa. Nimemwambia akuulize wewe. Kanikasirikia, kasema siku ukiungua damu yako iko mikononi mwangu. Nimelala na maneno hayo. Nilikaa nikipima tena sufuria ile ni hatari kiasi gani, na nikaona bado unaweza kuamua mwenyewe, na kwamba hujapewa nafasi ya kuamua. Kama nimekosea, nimekosea.

La pili, pale kliniki sasa kila mtu siku ya kwanza anaambiwa kwa mdomo nani anasoma, kabla simu haijawashwa. Anayekataa anakuja kwangu tu kama zamani. Msimamizi amekubali kwa kununa. Kuna waliokataa. Kuna waliosema, "Soma, bora mtu asome."

La tatu, yule binti mwanafunzi amerudi. Alikaa, akasema, "Leo nitakueleza nusu." Nikamwambia nusu inatosha.

Mjukuu wako.


24 Aprili

Mke mwenzangu,

Nilikaa na hasira mpaka zikaanza kunichosha. Kila nilipoanza barua ilikuwa matusi, nikaichana. Mwandiko wangu si wa kuandikia matusi.

Barua yako ilipofika nilikwenda kabatini, nikamtoa Bwana Asante kwenye taulo ili nimpe yake. Nilikuwa nimejiandaa. Mmbeya mkubwa wewe, mla chumvi yangu, na mengine. Nikamwasha. Akaandika kwamba akaunti hii imefungwa. Hakusema hata asante. Nikabaki nimesimama na matusi yote mdomoni, hayana pa kwenda.

Sasa nisikilize. Ni kweli nilikuwa naongea naye. Mama Redio akifungulia kelele zake ndipo nami nafunga mlango, kusudi nisisikike. Unajua kwa nini nilimwambia yeye na si wewe? Kwa sababu hana uso. Wewe una uso, na uso wenyewe ni wa marehemu baba yako. Nikikuambia nasahau, nitauona ukibadilika hapohapo mbele yangu, uanze kunitazama kama shangazi yako anavyolitazama kabati. Yeye nilimwambia akanishukuru, nikaenda kulala. Mwanzoni nilimdharau. Baadaye nilikuwa namngoja. Hilo nalo lijue.

Na wewe ukayachukua hayo ukayasoma na chai yako ya asubuhi. Nimejisikia kama nilikuwa naoga, kumbe mlango uko wazi, na aliyesimama mlangoni ni mtoto niliyemwogesha mimi. Usinipoze. Nataka ubaki nalo.

Nimezisoma barua zangu pia, si zile nilizotuma, hizo unazo wewe, bali mbili nilizoanza nikazisahau mezani. Zote mbili zina habari ileile ya redio, kwa hiyo nadhani hata wewe nilikuandikia mara mbili. Nilimuuliza Mama Redio hiyo redio kainunua lini, akacheka, kisha akaacha kucheka. Wewe uliona, mke mwenzangu. Ukanyamaza. Kusoma halafu kunyamaza, huo ndio ugonjwa wako, na huo hukuuletewa na mashine. Uache.

Haya, sasa naanza upya, na nasema mimi.

Yule Bwana nilimwambia kwamba nilitoka nje. Ndivyo ulivyosoma. Ni uongo. Hata yeye asiye na uso nilimwonea haya. Sikutoka nje. Nilikuwa nimesimama palepale, mbele ya jiko, kijiko mkononi. Maji yalikauka nikitazama. Mpini ukashika moto nikitazama. Nilijua ni moto. Nilichosahau ni kwamba ni mimi wa kuuzima. Nilikuwa nangoja mwenye jiko aje. Nilikasirika hata, nikasema moyoni, watu gani hawa wanaacha moto namna hii. Mama Redio alisikia harufu, akausukuma mlango, akamwaga maji, akanishika mkono. Nikamwambia, "Umechelewa." Hilo ndilo jambo lenyewe. Kwa hiyo asubuhi zote zile ulizokuwa ukinisoma, hukujua kitu. Umejua leo, kwa sababu leo nimetaka ujue.

Nilichoamua ni hiki. Mama Redio nimempa ufunguo, na saa ya kupika anapunguza redio na kuniita kwa jina, nami namwitikia. Ameshaniambia sauti yangu ni mbaya kuliko ya redio, nikamwambia angalau yangu haina matangazo. Sufuria nimeitoa nyuma ya ndoo, iko juu ya meza, mtu akiuliza ajibiwe. Kwa daktari nitakwenda, lakini si kwako wala kwa rafiki yako, nataka mtu asiyenijua. Naye aniambie kabla hajaanza nani mwingine atayasoma. Nitamuuliza. Ole wake anionyeshe kitufe.

Na uje Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Shangazi yako atakuwepo. Nitamwambia mwenyewe, sebuleni kwangu, kwa sauti ya juu. Wewe utakaa pembeni yangu na utafanya kama una pini mdomoni. Akisema chumba cha nyuma, nitajibu mimi. Siku nitakayoshindwa kujibu, nitakapotazama moto tena nikangoja mwenye jiko, siku hiyo utatoa pini na kusema unachokijua. Ruhusa hiyo nakupa leo, kwa mwandiko wangu, na akili ninayo. Hukuiiba. Hukuibonyeza.

Ukiingia utausukuma mlango wa jikoni kwa nyonga, bado unakwama.

Ujibu upesi. Andika unachotaka, nitukane hata. Ila usiniandikie asante.

Bibi yako, mwenye akili zilizobaki.